Oili Chafu ya Boti Isirudi Ziwani Wala Jikoni

Sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunapozungumza juu ya hatari za boti, aghalabu huwa tunataja upepo, mawimbi na wingi wa abiria. Ni haki kuyataja hayo, kwani upepo wa kusi wa miezi ya kiangazi haumchagui tajiri wala maskini. Lakini iko hatari nyingine isiyopiga kelele. Hiyo hukaa ndani ya tumbo la mashine, na baadaye hukaa ndani ya dumu lililosahauliwa nyuma ya nyumba. Nakusudia kuzungumza nawe, ndugu msomaji, juu ya oili: namna ya kuibadilisha katika mashine ya boti ndogo ya matembezi, na hasa namna ya kuitunza ile iliyokwisha kutumika. Wengi wetu tunalijua jambo la kwanza nusunusu, na la pili hatulihesabu kabisa kuwa ni sehemu ya kazi.

Mimi ni mtumishi wa Serikali hapa Kabonga, kusini mwa Nyanza-Lac, si mbali na mpaka wa Tanzania. Nilisomea ualimu na kupata cheti kabla ya kuingia kazi ya ofisini, na hata leo vijana wa mwaloni huniita "mwalimu". Boti tunaimiliki pamoja, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hufanya biashara ya mukeke na ndagala. Ni boti ya mbao yenye mashine ya nguvu za farasi 15. Hatuvui nayo. Jumapili mbili kwa mwezi, na siku za sikukuu, tunawapakia watoto, mama mkwe na wageni waliotutembelea, tukapita polepole kandokando ya pwani, tukatia nanga mahali pazuri, tukala chakula chetu na kurejea kabla jua halijazama. Hiyo ndiyo anasa yetu, na kwa mshahara wa karani si anasa ndogo.

MASHINE INAYOLALA

Mashine nyingi zinazoonekana mwambao huu ni za mipigo miwili. Hizo hazibadilishwi oili, kwa sababu oili yake huchanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, ikaungua pamoja nayo. Yetu ni ya mipigo minne. Hii hunywa petroli tupu, na oili yake hukaa peke yake ndani ya mashine kama ilivyo katika gari, ikizunguka na kulainisha vyuma. Oili hiyo huchoka. Hubeba masizi, unga wa chuma na unyevu, na isipotolewa kwa wakati wake huacha kulinda na kuanza kula.

Tofauti hii si ndogo, maana madukani mwetu oili iliyo rahisi kupatikana ni ile ya kuchanganya na petroli. Mtu asiyejua huweza kuinunua na kuijaza katika mashine ya mipigo minne, akidhani oili zote ni ndugu. Sivyo. Kitabu cha mashine yetu kimeandika oili ya mipigo minne yenye namba 10W-30, nasi hatuendi kinyume chake. Aidha, kabla ya kulipa tunatazama kizibo cha chupa. Kama ukanda wake umekwisha kukatika, tunairudisha, hata kama muuzaji ataapa mara tatu.

Sasa, ibadilishwe lini? Mashine za namna hii kwa kawaida hutakiwa kubadilishwa oili kila baada ya saa 100 za kazi au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Mashine mpya hubadilishwa mapema zaidi, baada ya saa 20 hivi za mwanzo. Hapa ndipo wenye boti za matembezi wanapojidanganya. Mchungaji wa ng'ombe mia hawezi kusahau kuwa anao, lakini mwenye mbuzi mmoja humfunga mtini akamsahau. Boti ya kusafirisha abiria hufikisha saa 100 katika muda mfupi, na mwenyewe hukumbuka oili kwa kuwa mashine ndiyo riziki yake. Yetu, kwa safari mbili za mwezi, kila safari saa mbili, haifikishi hata saa 50 kwa mwaka. Mtu husema, "Mashine haijafanya kazi, oili ingali nzuri."

Kumbe kulala nako ni kazi. Usiku wa ziwani huleta unyevu, na unyevu huingia ndani ya chuma kilichopoa. Safari fupi za mwendo wa polepole haziipashi mashine moto wa kutosha kuukausha, na petroli kidogo isiyoungua huteremka na kuizimua oili. Kwa hiyo mwenye boti ya matembezi asihesabu saa peke yake, ahesabu na miezi. Mimi nimetenga daftari moja la shule, nikalipiga mistari: tarehe, saa za safari, oili iliyoongezwa, tarehe ya kubadilisha. Shemeji alicheka mwanzoni, akasema nimefungulia mashine mahudhurio kama ya darasani. Siku hizi yeye ndiye huniuliza kama nimekwisha kuandika.

KAZI YENYEWE

Kazi hii tunaifanya nchi kavu. Ziwani, ukiinama nyuma ya boti inayoyumba, hata fundi hodari hawezi kuahidi kuwa tone halitaanguka. Mimi na shemeji huifungua mashine, tukaibeba wawili na kuifunga wima juu ya kiunzi cha mbao nyuma ya nyumba. Chini tunatandika turubai kuukuu. Sehemu yake ya chini inazamishwa ndani ya pipa la maji, kwa maana mashine hii hupozwa na maji, na ukiiwasha pakavu huunguza mpira wa pampu yake kwa muda mfupi mno. Pahali penyewe pawe wazi penye hewa, kwani moshi wake ni sumu.

Tunaiacha ingurume dakika tano au kumi. Oili iliyopata vuguvugu huwa nyepesi, nayo hutoka pamoja na uchafu ulioelea ndani yake. Ikiwa baridi, uchafu hubaki umelala chini. Kisha tunaizima, tunaondoa pipa, tunaweka karai chini ya kizibo cha kutolea oili na kukifungua kwa spana. Chupa ya plastiki iliyokatwa kwa urefu hutufaa kama mfereji wa kuielekeza. Kifuniko cha kujazia hufunguliwa pia ili hewa iingie na oili iteremke upesi. Hapo hatuna haraka. Tunaiacha idondoke mpaka tone la mwisho.

Itazame oili hiyo kabla ya kuifunika. Weusi peke yake si ugonjwa, kwani oili inayosafisha lazima ichafuke. Lakini ikiwa imegeuka kijivu au nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka petroli sana, nayo ina habari ya kukueleza. Ukiona vipande vya chuma vinavyometameta, usijaze oili mpya ukafunga safari, mwite fundi.

Baada ya hapo kizibo hurudishwa pamoja na gasketi mpya. Kama mashine ina filta, nayo hubadilishwa. Mpira wa filta mpya hupakwa oili kidogo, na filta yenyewe hukazwa kwa mkono. Oili mpya hutiwa polepole, ikipimwa kwa kijiti chake, mpaka ifike kati ya alama mbili. Kuzidisha si ukarimu, maana oili iliyopita alama huleta madhara yake vilevile. Mwisho mashine hurudishwa katika pipa, huwashwa kidogo, hutazamwa kama inavuja, huzimwa, na baada ya dakika chache hupimwa tena.

Usiisahau sehemu ya chini, penye gia za propela, ambayo ina oili yake nyingine, nzito zaidi. Ina vizibo viwili, cha chini na cha juu. Vyote hufunguliwa ili oili ya zamani itoke. Mpya husukumwa kutoka tundu la chini mpaka ionekane katika tundu la juu. Hapo hufungwa kwanza kizibo cha juu, ndipo cha chini. Ikiwa oili ya gia imetoka na rangi ya maziwa, ondoa propela uchunguze mhimili wake. Katika ziwa letu lenye nyavu nyingi, mara nyingi utakuta nyuzi za nailoni zimejiviringa pale na kukata sili inayozuia maji. Uzi mwembamba kuliko unywele huweza kuua gia ambazo wimbi halikuziweza.

"ZIWA HILI NI KUBWA"

Hapo watu wengi huhesabu kuwa kazi imekwisha. Mashine imepona, mikono inanawishwa, na lile karai je? Mwaloni, karai humwagwa mchangani, au hupelekwa mguu mmoja mbele zaidi na kumwagwa majini.

Kijana mmoja fundi, mpwa wa jirani yetu, alikuwa akitusaidia kazi ya gia. Alipoliinua karai kuelekea pwani, nilimzuia. Hakukasirika, ila alishangaa. "Mwalimu," aliniambia kwa adabu, "ziwa hili ni kubwa. Lita mbili za oili ni kitu gani mbele yake?"

Swali lake si la kipumbavu. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofikia meta 1,470. Duniani ni Baikal tu lililo na kina kikubwa zaidi. Nilimjibu kama nilivyofundishwa kujibu, kwa hoja. Nilimwambia kwamba ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga ulio upande wa Kongo, na maji yanayopita humo ni machache. Sehemu iliyo kubwa sana ya maji yanayoondoka huondoka kwa mvuke. Jua hunyanyua maji safi na kuuacha uchafu papo hapo. Mto huosha kitanda chake na kupeleka taka baharini, lakini ziwa letu ni kama sufuria lililo mekoni, ambalo maji hupungua na chumvi hubaki. Nikamweleza pia kuwa idara ya Marekani ya kulinda mazingira imekuwa ikiwaonya wananchi wake kwamba oili ya badilisho moja tu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu, yaani karibu lita milioni nne.

Kijana alinisikiliza kwa heshima, lakini niliona usoni mwake kwamba tarakimu hizo zinampita. Aliyemjibu sawasawa hakuwa mimi. Alikuwa bibi mmoja wa mtaani petu, ambaye alikuwa akipita na ndoo yake kichwani na kusimama kutusikiliza. Alisema, "Mjukuu wangu, mimi sichoti ziwa zima. Nachota ndoo moja, na naichota hapa."

Yule kijana aliliteremsha karai chini.

Na kweli, oili haizami ikatawanyika vilindini kama tunavyojifariji. Ni nyepesi kuliko maji. Huelea, ikajitandaza kuwa utando wenye rangi za upinde wa mvua, na wimbi dogo huirejesha pale pale pwani, penye mawe ya kufulia, penye watoto wanaooga, penye akina mama wanaoosha vyombo na ndagala. Mke wangu alikuwa ameuona utando huo mara kadhaa juu ya maji ya kupikia, akayamwaga na kurudi kuchota mahali pa mbali zaidi. Safari hiyo ya pili ya ndoo haiandikwi katika daftari lolote, lakini iko mtu anayeilipa kwa shingo yake.

Wako wanaodhani wamepata dawa kwa kuchimba shimo mchangani, "mbali na maji". Mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda kupita kiasi. Huko Rumonge nyumba zilizingirwa na watu wakahama. Mahali palipokuwa pakavu palikuwa pa samaki. Basi shimo la oili lililokuwa mbali na maji, maji yalilifuata lenyewe. Nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza tarehe 12 Juni 2003 mjini Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Lakini mkataba hauwezi kushika karai la kila mtu nyuma ya nyumba yake.

DUMU LISIRUDI JIKONI

Kuna hatari nyingine ambayo akina mama wa mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac wataielewa upesi kuliko mimi. Hapa ni nchi ya michikichi. Mawese hununuliwa kwa dumu, au bidoni kama wengi tuitavyo, na kila nyumba ina madumu yanayoingia na kutoka. Dumu halitupwi, likiisha hiki hutiwa kile.

Katika nyumba moja ya jirani, oili chafu ilikuwa imewekwa katika dumu la lita tano. Oili ilipochukuliwa, dumu lilibaki uani. Mtoto alitumwa sokoni kununua mawese akaliokota hilo, kwa kuwa lilikuwa karibu. Lilisuuzwa kwa maji kidogo, likajazwa. Mawese ni mazito na mekundu, huficha mengi. Bahati njema mama mwenye nyumba alipoyamimina kikaangoni alisikia harufu ya gereji, akaepua chungu na kuyatenga yote. Walipoteza mawese ya wiki mbili, na siku hiyo walikula mboga zilizochemshwa. Lau angekuwa na mafua siku ile, tungezungumza habari nyingine. Oili iliyotumika hubeba masalio ya petroli na madini mazito, na haiondoki katika plastiki kwa kusuuzwa, hata kwa maji ya moto na sabuni.

Tangu hapo sisi tumejiwekea kanuni za nyumbani, nami nazitaja hapa kwa faida ya wenzangu. Kwanza, dumu la oili chafu ni moja, limepigwa msalaba wa rangi nyekundu pande zote, na shingo yake imefungwa waya. Hata mtoto asiyejua kusoma anajua kuwa hilo haliguswi. Pili, karai, mfereji na faneli vya kazi hiyo vinakaa pamoja ndani ya gunia, mbali na jiko na mbali na moto. Tatu, matambara yaliyofutia oili hayafuliwi ziwani, bali hutiwa katika debe lenye kifuniko. Nne, mikono hunawiwa kwa sabuni ndani ya beseni la uani, si pwani. Tano, oili hiyo haipakwi kwenye kidonda, wala kwenye ngozi ya mbwa au mbuzi mwenye upele, wala kwenye ubao wa boti. Najua wako wazee wanaoisifu kwa dawa hizo zote. Nawaheshimu, lakini kinachopakwa ubaoni huishia majini, na kinachopakwa ngozini huingia mwilini.

NANI ATALIPA?

Yule kijana fundi alituuliza swali la pili, nalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Alisema, "Mimi nalipwa kufungua na kufunga. Nani atanilipa kuibeba oili chafu?" Shemeji yangu, ambaye ni mfanyabiashara na hapendi kupunjwa, alikubali kuwa kijana ana haki. Tulipatana kumwongezea malipo kidogo kwa kila badilisho, ili kukusanya oili kuwe sehemu ya kazi na si fadhila. Dumu likijaa, hupanda gari la shemeji linalopeleka samaki Rumonge, likiwa limefungwa mbali na makapu, mpaka kwa fundi wa magari aliyekubali kuipokea katika pipa lake. Yeye huwauzia wajenzi wanaopaka mbao za kumwagia zege ili zisigandane. Si dawa kamili, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko mchanga wa mwaloni.

Siwezi kusema kwamba mwaloni wote umebadilika. Wenye boti za abiria walitusikiliza. Wawili wamelinunua dumu lao, wengine bado wanasema ziwa ni kubwa. Kijana wetu sasa ana madumu matatu yenye msalaba mwekundu na huwaambia wateja bei yake kabla ya kushika spana. Wako waliomkimbia kwa sababu ya nyongeza hiyo. Hilo linamuumiza, nasi tunalijua. Ndiyo maana naandika, kwa kuwa kijana mmoja asiachiwe peke yake mzigo wa maji yanayonywewa na watu wote.

Ndugu msomaji mwenye boti, iwe ya starehe au ya kazi, ubadilishapo oili usiandike katika daftari lako kuwa kazi imekwisha pale oili mpya ilipofika kwenye alama. Andika kuwa imekwisha pale oili ya zamani ilipotoka mikononi mwako na kufika mahali pake. Nawe mama mwenye nyumba, ingawa huishiki spana, una haki ya kuuliza: dumu lile liko wapi, na limetiwa alama gani? Ukiuliza mara moja kwa sauti ya kawaida, wakati wa chakula, utakuwa umeokoa jiko lako na ndoo ya jirani yako.